Aliyeshuka Kwenye Kila Mlima

Haya yalimpata mume wa shoga yangu, fundi viatu. Shoga yangu alikuwa kitandani wiki nzima, kifua kimembana, hata kusimama hawezi. Jioni fundi akawa anarudi na dawa kwa baiskeli, yu hoi bin taaban, vilima na msitu mtupu, ukungu umeshatanda. Akichelewa, hana mke tena.

Sasa njia ile, ukimpakia mtu, mlimani hushuka akakusukuma, mteremkoni akapanda tena. Fundi alikuwa peke yake. Lakini kila mlima baiskeli inakuwa nyepesi, na nyuma anasikia miguu ikikanyaga majani, chap, chap. Kila mteremko keria inalia kwii, baiskeli inakuwa nzito. Hakugeuka ng'o! Alisema tu, "Asante ndugu yangu, nawahi mgonjwa."

Alipofika akamnywesha mkewe dawa.

"Baba watoto," mke akasema kwa uchovu, "mgonjwa mzima, wanishusha kila mlima?"

"Acha utani, mama."

"Utani? Nikande miguu basi, imekufa ganzi."

Fundi akafunua shuka. Nyayo zilikuwa na tope bichi, na jani la msituni limenata kisiginoni.