Mbege ya Bomba

Boksi lilipopasuka, stendi nzima ya Kibiti ilitimua mbio.

Lilianguka kutoka kwenye buti la basi la Mtwara, likapiga lami, na ndani yake kikachomoka chombo cha chuma kinachong'aa, ukubwa wa ndoo ndogo, chenye mpira mweusi na kisaa cha mshale. Kikaviringika hadi katikati ya njia, mshale ukitetemeka.

"Bomu!" alipiga kelele Huseni, mpakuaji wa mizigo.

Wauza korosho waliacha masinia yao. Mama mmoja alimpenyeza mtoto wake kwenye dirisha la basi, akampa abiria asiyemjua, ndipo akakimbia. Watu wa Kibiti wamepitia miaka ya mauaji ambayo hawapendi kuisimulia, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwacheka.

Aliyebaki ni msichana mmoja, gauni lake la kitenge cha njano likiwa na mikono ya kuvimba. Alichuchumaa, akakitazama kile chombo kwa karibu.

"Dada, toka hapo!" Huseni alimwita akiwa nyuma ya bajaji.

"Nitoke niende wapi? Hii ni geji. Tunazo wodini, kwenye mitungi ya oksijeni."

Wakati huo kijana mrefu, mwenye shati la mistari lililonyooshwa vizuri, alikuwa akija mbio kuelekea kule ambako wenzake wote walikuwa wakikutoroka.

"Ni yangu! Samahani jamani, ni yangu!"

"Kaka, unataka kutuua?" msichana alimuuliza.

"Nataka kuwanywesha."

"Kutunywesha nini?"

Kijana aliangalia kulia na kushoto, akashusha sauti. "Mbege."

Msichana alisimama wima. Jina lake Elieth, muuguzi, mzaliwa wa Marangu, na tangu apangiwe kazi Kibiti ulikuwa mwezi wa kumi na nne hajaisikia harufu ya mbege, pombe ya ndizi ya kwao.

"Mbege? Kibiti hii?"

"Ya bomba. Unafungua koki, inatoka ya baridi. Njoo kwangu Jumapili baada ya misa, utaona."

"Na kama ni bomu kweli?"

"Basi utakuwa umekufa ukiwa umeburudika."

Elieth alicheka hadi Huseni akatoka nyuma ya bajaji.

Kijana huyo ni Gasper, mtu wa Rombo, afisa kilimo. Wiki yake aliimaliza kwenye mashamba ya mpunga, leo Mkongo, kesho ndani ya boti kwenda Maparoni. Mwisho wa wiki alipika mbege. Alichemsha ndizi mbivu katika sufuria kubwa, akaziacha hadi zichachuke, akachanganya na uji wa ulezi uliotiwa gome la msesewe ili upate uchungu. Kisha alichuja. Alichuja mara tatu kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu pumba moja ya ulezi inatosha kuziba koki. Ndipo alipoimimina katika kile kipipa cha chuma cha stendi, akashindilia kifuniko, akafunga kichupa cha gesi chenye ukubwa wa kidole gumba, akakiweka kipipa kwenye friji. Mbege iliyozoea kuharibika siku ya tatu ilikaa kwake siku tano ikiwa tamu.

Hakuuza. Walikuja walimu wawili watatu, tabibu mmoja, na rafiki yake Joachim, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyeonja na kusema kama imeiva. Walikaa ndani, sauti ya chini. Bi Zena, jirani wa ukuta mmoja, ni mtu wa swala tano. Alijua na hakusema neno, naye Gasper hakuipitisha pombe mbele ya mlango wake hata siku moja.

Jumapili ile Elieth alikuja. Gasper alimfungulia koki, povu likapanda kwenye glasi taratibu, la rangi ya udongo. Elieth alikunywa, akafumba macho.

"Mbaya?" Gasper aliuliza.

"Nyamaza. Niko kwa bibi yangu."

Miezi saba walikuwa hivyo. Yeye na glasi yake, Gasper na kikombe chake cha bati chenye maua, wakigonganisha. Gasper akiwa safarini, simu hazikukatika.

"Umefika Maparoni, mrembo wangu?" Elieth angemtania.

"Mrembo ni wewe. Mimi nimejaa tope hadi magotini."

"Piga picha nikuone."

"Ukiniona utaniacha."

"Nikuache, halafu koki anifungulie nani?"

Jambo moja tu lilimshangaza Elieth. Gasper hakutaka walale pamoja. "Tusubiri ndoa, mpenzi," alisema kila mara, kwa upole, akiangalia pembeni. Elieth aliwasimulia wenzake wodini kwamba amepata mwanamume wa Mungu. Wenzake walisema bahati hiyo haipo.

Kisha Gasper aliomba kuoa. Baba yake Elieth ni marehemu, na aliyesimama mahali pake ni baba mdogo Sixtus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Alikuja kumwona Gasper kwake Jumamosi, saa nne asubuhi, suti ya kijivu, kofia ya mviringo. Elieth alivaa gauni jeupe lenye mkanda mwekundu. Gasper alikuwa ametandika kitambaa kipya juu ya meza, na juu yake kile kipipa kiking'aa kama kombe la ligi.

Sixtus alikizunguka mara mbili. "Haya maajabu! Mbege inatoka kwenye chuma?"

"Fungua mwenyewe baba mdogo, uone," Elieth alimhimiza.

Mzee alifungua koki, mbege ikaruka, akaruka naye. Wote wakacheka. Alijaza glasi, akainusa, uso ukalainika. Halafu akanyoosha mkono kumpa Gasper.

"Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Wewe ni wa Rombo, unalijua hilo. Onja, mwanangu, nami ninywe."

Gasper aliipokea glasi kwa mikono miwili. Hakuipeleka mdomoni.

"Joachim ameshaonja, baba," alisema.

"Joachim si yeye anayeoa kwangu."

"Onja kidogo tu, Gasper," Elieth alinong'ona, bado akitabasamu.

Gasper aliirudisha glasi mezani polepole.

"Siwezi."

Sixtus hakugomba. Alichukua kofia yake, akaivaa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mtu asiyekunywa alichonipikia, simwachii mtoto wa marehemu kaka yangu." Akatoka. Bi Zena, aliyekuwa akianika kanzu uani, alibaki na kibanio mkononi.

Elieth hakumfuata mzee wake mara moja. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kilichokuwa mbele ya Gasper. Alikinusa.

"Maji ya tangawizi."

"Elieth..."

"Siku zote yalikuwa maji ya tangawizi?"

"Ndiyo."

"Miezi saba tunagonganisha, unaniigizia?" Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Sikujui."

Siku nne hakupokea simu. Siku ya tano alipokea, bila kusema haloo.

"Nina homa ya ini," Gasper alisema. "Aina B. Nilichangia damu, wakanipima, wakaniita. Daktari aliniambia pombe kwangu ni marufuku maisha yote."

Elieth alikuwa kwenye korido ya wodi. Aliegemea ukuta, kisha akakaa chini, sare yake nyeupe sakafuni.

"Lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Miaka miwili! Na mimi ni muuguzi, Gasper! Mimi!"

"Ndiyo maana. Ungejua maana yake siku hiyohiyo ungeondoka. Nilisema nikuambie kabla ya ndoa. Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo."

"Na ile 'tusubiri, mpenzi'?"

Gasper alijibu kwa shida: "Nilikuwa nakukinga."

Elieth alianza kucheka na kulia kwa pamoja, hata mgonjwa mmoja akachungulia mlangoni.

"Mimi nimechanjwa, we mtu! Chanjo zote tatu, na kipimo nilipima, kinga ninayo. Wahudumu wote tunachanjwa. Ungeniuliza swali moja tu!"

Upande wa pili Gasper alihema kama mtu aliyetua gunia.

"Usifikiri nimekusamehe," Elieth aliongeza. "Njoo kesho saa kumi, benchi la nyuma ya wodi. Uje na salio."

Alikuja saa tisa na nusu. Elieth alimkuta amekaa wima kama anasubiri hukumu, shati lilelile la mistari. Hakumsalimu. Alisema, "Mpigie baba mdogo. Weka spika. Mwambie mwenyewe."

Gasper alipiga. Alisema yote, kwa mpangilio, bila kujitetea: ugonjwa, kikombe cha bati, hofu yake. Dukani Mbagala nyundo zilikuwa zikigonga, kisha zikanyamaza. Mzee alikuwa amewanyamazisha mafundi.

"Sasa nieleze," Sixtus alisema hatimaye. "Kwa nini mtu apike kitu asichoweza kukinywa? Aagize na mashine?"

Gasper aliangalia mikono yake.

"Nilipofika Kibiti, baba, nilikaa miezi mitano bila mtu kubisha hodi kwangu. Nilikuwa najifunza kula bila kuongea. Nikapika mbege, walimu wakaja. Wakaanza kuniita kwa jina. Iliharibika mapema, walikuja siku mbili, siku ya tatu nyumba kimya. Ndipo nikaitafuta ile mashine, ikae siku nyingi, wakae siku nyingi."

Elieth aligeuza uso. Hakutaka aonekane akilia.

Mzee alikohoa. "Nilikwambia maneno makali. Sikujua. Lakini nina swali, na usinikasirikie. Ugonjwa huo hautawapata wajukuu zangu?"

Elieth alijibu kwa haraka, kwa sauti ile aliyozoea kuwaelimisha kina mama kliniki:

"Hapana, baba mdogo. Mimi nina kinga, siwezi kuwapa. Na watoto wetu nitahakikisha wanachanjwa chanjo zao zote, usiwe na wasiwasi kabi..."

Alijikatiza. Mkono wake ulipanda ukafunika mdomo.

Gasper alimgeukia taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Watoto wetu?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Elieth juu ya vidole. Hakuondoa mkono. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, halafu tena.

"Haloo?" sauti ya mzee iliita kutoka kwenye simu juu ya benchi. "Haloo! Nyie watoto! Mmekatika?"

Elieth alifuta uso kwa kiwiko, akaiokota simu.

"Tupo, baba mdogo," alisema. "Tupo."