Kadi Mbili na Namba ya Kubuni

Kila siku, wakishavua sare na kuosha vyombo, dada na mdogo wake walikimbilia kompyuta ya mama yao sebuleni. Na kila siku, kabla haijamaliza kuwaka, walikuwa wameshagombana. Dada, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliitwa Kamanda kwa sababu ya jina alilojipa kwenye gemu. Mdogo wake, mwenye miaka kumi na mmoja, aliitwa Teke, kwa kuwa miguu yake haikutulia chini ya meza.

"Zamu yangu!"

"Yako iliisha jana!"

"Jana si leo!"

"Jamani, mtanitoa roho!" mama alilalamika. Yeye alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake hadi saa kumi jioni. Siku hizo ilimchosha pia. Kadi ya michoro, yaani kifaa kinachoiwezesha kompyuta kujenga picha kwenye skrini, ilikuwa imechakaa. Ramani zilijitokeza kwa kusitasita, na magari ya kwenye gemu yalikwenda kwa kurukaruka.

Mjomba wao, fundi kompyuta, alipopita kuwasalimu, aliwaambia, "Dukani nina kadi moja yenye nguvu, na nyingine mbili za wastani zinazofanana. Hizo mbili zinaweza kufanya kazi pamoja, lakini si kila programu inajua kuzitumia, na zinakula umeme mwingi. Fungueni ubavu wa kompyuta, msome kibandiko cha kisanduku cha umeme kilichomo ndani, mniandikie kinatoa wati ngapi. Kisha mchague."

"Mbili!" Teke alisema mjomba alipotoka. "Moja yangu, moja yako. Zamu kwaheri!"

"Kompyuta ni moja, wewe."

"Lakini kadi mbili! Kila mtu na yake."

Kamanda alijua kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kasoro, lakini ilimpendeza. Mbili ni zaidi ya moja, na shuleni hakuna aliyekuwa nazo mbili.

Alichukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ilikuwa imekaza. Ya pili ilikuwa nyuma, penye vumbi lililompigisha chafya. Akaiweka bisibisi chini. Akakumbuka kwamba rafiki yake aliwahi kujigamba kuwa kompyuta ya kwao ina kisanduku cha wati mia saba na hamsini. Zote ni kompyuta tu, alijiambia. Akaiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuipeleka dukani.

"Umesoma mwenyewe?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba alimwamini. Kwa kuwa alikuwa amemfundisha kupachika vifaa, alimkabidhi kadi mbili na nyaya zake. Jioni hiyo Kamanda akalazimika kufungua ule ubavu. Kibandiko kilikuwa mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa: wati mia nne na hamsini, umeme usiotosha kadi mbili.

Alisimama na bisibisi mkononi. Kurudisha kadi moja kulikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa kusema kwa nini. Akazipachika zote mbili, akafunga.

Kwa siku tatu mambo yalikwenda, ingawa si kwa namna waliyotarajia. Gemu ilitumia kadi moja tu. Ya pili ilikaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa.

"Kadi yako imelala," Teke alicheka.

"Iliyolala ndiyo yako."

"Yangu ni ya juu!"

"Ya juu ni yangu, niliipachika mimi!"

"Mungu wangu!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Sasa mnagombea hata kitu msichokiona?"

Jumamosi asubuhi mama aliketi kumalizia ramani ya nyumba ya mteja. Fundi mwashi alikuwa akiingoja kwenye kiwanja tangu saa mbili, pamoja na vibarua wake. Programu ya mama, tofauti na gemu, ilijua kutumia kadi zote mbili. Alipoiamuru ijenge picha kamili, feni zote zikavuma kwa pamoja, kisha kompyuta ikazimika. Akaiwasha. Ikazimika tena. Kazi ya saa nzima ilikuwa imepotea.

"Teke! Umepiga waya teke!"

"Sikuugusa, Mama! Haki ya Mungu, miguu yangu iko hapa!"

"Kila siku miguu, kila siku miguu! Nimechoka kusema. Mwezi mzima hutaigusa kompyuta hii!"

Machozi yalimtoka Teke. Kamanda aliangalia sakafu. Simu ya mama ililia. Alikuwa mwashi, akiuliza kwa mara ya tatu. Mama akamwomba radhi, kisha akampigia kaka yake.

Mjomba alifika na mkoba wake. Alipiga magoti, akaanza kulegeza skrubu. Kamanda alimtazama mdogo wake aliyejikunja kwenye kochi.

"Mjomba, usijisumbue," alisema. "Ni wati mia nne na hamsini. Ile namba niliibuni. Teke hana kosa."

Mjomba alishusha pumzi ndefu. "Uliijua lini ya kweli?"

"Siku ya kupachika."

"Siku tatu! Binti yangu, kutojua si kosa, ungeniuliza. Lakini ulijua, ukafunga kifuniko, ukamwacha mama yako afanye kazi juu yake."

Aliichomoa kadi moja. Kompyuta iliwaka na kubaki hivyo. Mama alirudia kazi iliyopotea. Kabla ya kuanza alimvuta Teke kifuani, akamwomba radhi na kuifuta adhabu yake. Saa nane alichapisha ramani, akaikunja na kumkabidhi Kamanda.

"Utaipeleka mwenyewe. Na utamweleza mwashi kwa nini imechelewa. Kwa maneno yako."

Kiwanjani vibarua walikuwa wameketi juu ya matofali, mikono mitupu. Mwashi, mzee mwenye ndevu zilizojaa saruji, alisimama na mikono kiunoni.

"Shikamoo, Babu. Mimi ndiye niliyechelewesha," Kamanda alisema, akamweleza yote, pamoja na kibandiko.

"Marahaba. Yaani watu sita wamekaa juani nusu siku kwa sababu ya skrubu iliyokaza?"

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

Mwashi alitikisa kichwa, akaguna, akaifungua ramani. "Unaona mstari huu? Ni ukuta wa chumba cha watoto. Mimi nikiandika kipimo nisichopima, paa litawaangukia wamelala. Hawatajua kwamba siku hiyo nilikuwa nimechoka. Namba ya uongo haidhuru karatasi, mwanangu. Inamdhuru anayeitegemea."

Alichomoa futi ya kupimia kutoka mfukoni, akampa Kamanda mwanzo wake, akaivuta hadi kwenye kigingi cha mbali.

"Soma."

"Mita tatu na nusu."

"Umeangalia, au umekisia?"

Kamanda aliifuata futi hadi kwenye kigingi, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa udongo.

"Mita tatu na sentimita arobaini na saba, Babu."

"Haya," mwashi akasema, akiwageukia vibarua. "Inukeni. Sasa tunaweza kujenga."