Sauti Iliyoitikiwa

Amplifaya ilikuwa imezimwa, lakini spika zilikuwa zikipumua.

Fundi redio aliviona vitambaa vya spika hizo vikitanuka na kusinyaa, akadhani ni upepo, ingawa chumba kile kilikuwa kimezibwa kwa mazulia hadi darini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhudhuria maonyesho ya vyombo vya muziki, naye alimleta mkewe, mshonaji, ambaye tangu amzike mama yake hakuwa amecheka.

"Zimeni simu, wakubwa zangu," muuzaji alitania. "Humu hata mbu akikohoa tunamsikia. Sasa fumbeni macho. Mwimbaji atasimama mbele yenu."

Taa zikafifia. Ikaja harufu ya udongo uliochimbuliwa, kisha sauti ya mwanamke ikaita, "Kitinda!", jina la utotoni ambalo marehemu pekee alimwitia bintiye.

"Abee, mama!" mshonaji akaitika.

"Unamwitikia nani?" mumewe alinong'ona.

"Dada, bado sijawasha," muuzaji akasema, na utani ukamwisha.

Mwenyezi Mungu ameweka pazia kati ya walio hai na waliolala, wala wafu hawatumwi kutubembeleza. Lakini nani amlaumu yatima akigeuka anapoitwa? Jini anajua pa kubisha.

Sauti iliwafuata nyumbani, ikaita kutoka kwenye sinki, ikaita kutoka ndani ya cherehani iliyofunikwa, na kila mshonaji alipoitika ilisogea karibu, hata akawa akihisi pumzi baridi sikioni na harufu ya kaburi katika nguo za wateja, akaacha kula, akaacha kushona, akaketi kutwa nzima akingoja kuitwa.

Shangazi yake, mwombezi wa waliopagawa, alimshika mikono. "Mwanangu, huyo si mama yako. Kila 'abee' yako inamfungulia mlango. Ukiitika tena ataingia, nawe hutamtoa."

Akaomba kwa Maandiko. Sauti ikalia, ikasihi, "Kitinda, nina baridi," na mshonaji akauma kitambaa hadi fizi zikatoa damu, asiitike. Pakawa kimya.

Walimshukuru Mungu. Tangu hapo, mshonaji akiitwa haitiki. Kwanza humwendea mwitaji, akamtazama midomo.

Juzi adhuhuri mumewe alimwita kutoka sebuleni. Akaenda. Sauti ya mumewe ilikuwa ingali inaita, tulivu, yenye mapenzi, lakini midomo yake ilikuwa imefumbwa. Mumewe aliketi wima, machozi yakimtiririka, akiisikiliza sauti yake mwenyewe.