Msimbo kwa Jina la Shamimu

Kila Jumamosi Shamimu alifua sare, akazianika, kisha huyoo hadi karakana ya kompyuta ya mjomba wake Nassibu, pale Isevya, mjini Tabora. Kazi yao ilikuwa kunakili masomo kwenye flashi za shule za Ziba na Lusu. Kila faili ilikaguliwa kwa programu inayoisoma na kuipa alama yake, namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani. Herufi moja tu ikiharibika, alama inabadilika. Ukaguzi huo ulikwenda polepole hadi ukakera.

Programu ile ni ya bure na msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, uko wazi. Mtu yeyote duniani anaweza kuuboresha, akautuma kwa wasimamizi wake. Shamimu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alisoma kwamba chipu za kompyuta za kisasa zina sehemu maalumu ya kukokotoa alama hizo. Akaandika msimbo wa kuitumia. Kwenye kompyuta mpya ya mjomba, ukaguzi ukawa wa kufumba na kufumbua.

Hilari, kijana aliyemaliza chuo na kuajiriwa pale, aliusifu, kisha akashauri utumwe kwa jina lake yeye. Eti nani huko nje atamwamini mtoto wa shule wa Tabora?

"Kaka Hilari, nimeuandika mimi," Shamimu alisema. "Wakiukataa, waukatae kwa jina langu."

Hilari alimwita mbishi. Naam, mbishi kweli, na ubishi wake siku ile ulikuwa wa haki. Shamimu akautuma kwa jina lake mwenyewe.

Ukakataliwa. Msimamizi alieleza kuwa kwenye kompyuta za zamani programu inazimika ghafla. Hilari akamkumbusha kwamba alishamwonya. Machozi yalimlenga Shamimu. Aliwasha kompyuta kuukuu ya karakana, akajaribu, na programu ikafa palepale. Kumbe alijaribu kwenye mashine mpya tu, ilhali shule zote za Ziba na Lusu zinatumia mashine chakavu kama ile. Angewaharibia kazi walewale aliotaka kuwasaidia.

Akaurekebisha. Sasa programu iliuliza kwanza kama chipu ina sehemu ile. Kama haina, inafuata njia ya zamani. Aliijaribu kwenye kila mashine ya karakana, hata ile iliyong'oka vitufe. Kisha akamwandikia msimamizi kwamba kosa lilikuwa lake, amelisahihisha, na anaomba msimbo uangaliwe tena.

Safari hii ukapokelewa, na jina la Shamimu likaandikwa kando yake.

Hilari alimpongeza kwa sauti ndogo. Mjomba Nassibu, aliyekuwa akisikiliza yote tangu mwanzo, aliweka bisibisi mezani.

"Hilari, wewe ulitaka sifa ya kazi usiyoifanya," alisema. "Lile kosa nalo ungelitaka? Mwenzio kasema, 'Kazi ni yangu, na kosa ni langu.' Ndiyo maana leo hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo."