Vizibo Juu ya Bamba

Kila jioni, mama yake Chapuchapu alipokaribia kurudi kutoka kazini, msichana huyo alikuwa na kazi moja tu: kufagia bamba la banda la gari. Jina la Chapuchapu alibandikwa na majirani, kwa sababu alifanya kila kitu mbiombio, na mara nyingine hakukifanya kabisa.

Mama aliendesha gari la zahanati, gari la umeme lililobeba wagonjwa. Halikuchomekwa waya wowote. Sakafuni pa banda palikuwa na bamba jeusi, pana kama meza. Mama akiegesha juu yake, umeme hupanda wenyewe mpaka kwenye gari, na taa ndogo ya ukutani huwaka kijani. Ila bamba lilikuwa na masharti. Kukiwa na chuma juu yake, au mnyama amelala hapo, hujizima ili lisilete madhara.

"Hili lina wivu," mama alipenda kutania. "Likiona chuma kingine, linasusa."

Sasa, ua mzima ulikuwa na mashimo, isipokuwa hapo kwenye bamba. Kwa mchezo wa kusukuma vizibo vya bati vya soda kwa kidole, hapakuwa na uwanja mzuri kuliko huo. Jioni moja Chapuchapu alicheza hapo na rafiki yake mpaka mvua ikaanza na honi ikalia getini. Rafiki akatimua mbio. Chapuchapu naye akajitoma ndani ya nyumba. Vizibo vikabaki.

Mama aliegesha, akakimbilia mlangoni na mkoba kichwani.

"Umefagia, mwanangu?"

"Nimefagia, mama."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Mama hakugeuka kuitazama taa. Ameambiwa pamefagiwa, atazame nini tena? Chapuchapu alikusudia kwenda kuviokota vizibo mvua ikikatika, lakini usingizi ukamuwahi.

Asubuhi, Bibi Mshonaji, jirani yao, alikuwa amesimama bandani mapema, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa kupapasa. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku nyingi sasa Chapuchapu ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Daktari wa macho alifika hospitali kuu kwa nadra, na leo ilikuwa zamu ya Bibi kupasuliwa.

Mama aliwasha gari, akatazama kipimo cha chaji.

"Halikuchaji," alisema. "Hata nusu ya njia hatufiki."

Wakati huohuo paka wao akachomoza chini ya gari, akijinyoosha. Walimwita Bwana Afya, kwa tabia yake ya kukagua sufuria za watu.

"Kumbe ni wewe!" mama akafoka. "Umelala juu ya bamba!"

Chapuchapu angeweza kusema hapo. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ndiye, mama. Hata jana nilimfukuza hapo."

Mama alipoingia ndani kupiga simu, Chapuchapu alilala kifudifudi, akavikusanya vizibo na kuvitia mfukoni. Kisha akamshika Bibi mkono, amrudishe kwake. Kila hatua, mfuko ulilia *cha, cha*. Alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani.

Simu haikusaidia. Gari lingine halikupatikana kwa wakati, na zamu ya Bibi akapewa mgonjwa mwingine. Ilibidi asubiri mpaka daktari arudi tena.

"Usinune, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Wewe ulifagia. Kosa la nani?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kofi. Aliona haya hata kumtazama paka.

Jioni akaja mwenye mashine ya kusaga nafaka, gunia mkononi. Mama alikuwa amekubali kumpa Bwana Afya, akawinde panya huko mbali. Bibi naye alikuwa ameketi kibarazani. Paka alichungulia ndani ya gunia kama kawaida yake, akidhani ni ukaguzi.

"Mama, usimtoe!" Chapuchapu akalia. Akaupindua mfuko, vizibo vikamwagika sakafuni. "Ni hivi. Sikufagia. Nilicheza, nikadanganya, halafu nikamsingizia. Bibi, nisamehe."

Uso ulimwaka moto, akatamani ardhi immeze.

"Nilivisikia," Bibi alisema taratibu. "Uliponishika mkono asubuhi. Macho yangu mabovu, masikio mazima."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilitaka useme wewe. Ungenyamaza mpaka gunia lifungwe, ningemtetea paka mimi."

Chapuchapu alijifunika uso, akalia kwa kwikwi. Mwenye mashine alikunja gunia lake, akaaga.

Mama hakumpiga. Alichuchumaa mbele yake.

"Ungeniambia jana 'bado, mama', ningefanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Kidogo. Kisha ningeshika ufagio mwenyewe, na Bibi leo angekuwa hospitalini. Kusahau ni jambo dogo. Uongo ndio uliomnyima Bibi zamu yake, ukakaribia kumfukuza paka asiye na kosa. Kusema 'bado' si aibu, mwanangu. Aibu ni hii unayoionja sasa."

Tangu hapo Chapuchapu alikwenda kwa Bibi kila alipotoka shule, akamtungia sindano zote za siku ya pili. Daktari aliporudi, gari lilikuwa limejaa chaji, na Bibi alipasuliwa salama. Bandeji zilipotolewa, alimkazia macho Chapuchapu, akacheka: "Kumbe umerefuka hivi!" Chapuchapu aliinamisha kichwa. Furaha ilikuwepo, na haya nayo haikuwa imekwisha.

Jioni hiyo mvua ilinyesha tena. Honi ikalia getini, mama akateremsha kioo.

"Umefagia?"

Chapuchapu aliushika ufagio.

"Bado, mama. Nisubiri."

Mama alizima gari, akangoja mvuani mpaka ufagio ukamaliza kazi yake.