Mwenye Chumba cha Nyuma

Hati ilikuwa na unyevu. Kabati la chuma lilikuwa kavu, mafaili ya jirani yalikuwa makavu hadi yanapukutika, lakini karatasi za babu mzaa babu zilitoka baridi, zikinuka udongo mbichi.

"Bomba hilo limevuja," alisema karani wa masjala ya ardhi, mzee mcheshi ambaye kila mtu alimwita Muhuri. Chumba chenyewe hakikuwa na bomba hata la dawa.

Fundi cherehani, mwanamke aliyekuja kuitafuta hati hiyo ya ukoo wake, hakujali. Alikuwa amepekua hati na wosia za enzi za mkoloni mpaka macho yakamwuma, kwa sababu tajiri mmoja alikidai kiwanja chao, na asipothibitisha kwamba ni cha ukoo, yeye na shangazi yake wangetupwa nje. Shangazi ndiye aliyemlea. Sasa alilala chumba cha nyuma, miguu imepooza, na alikwishaapa kwamba hatoki humo ila kwa jeneza.

Wosia ulikuwa umekunjwa ndani ya hati. Muhuri akausoma. Nyumba ni ya watoto na vizazi vyao. "Isipokuwa chumba cha nyuma na kilichomo. Hicho ni cha mlinzi aliyewafukuza wapima ardhi wa serikali, siku atakapoitwa."

"Mlinzi gani tena?"

"Nani ajuaye? Na huyo naye keshaoza zamani."

Desturi ya ofisi ilikuwa hivi: kabla wosia haujathibitishwa, karani husimama mlangoni akamwita kila mrithi mara tatu. Asiyeitika, fungu lake huwarudia ndugu.

"Huyu tunaweza kumruka," alisema Muhuri.

"Mwite, mzee wangu. Sitaki kesho mtu aje kudai."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa na notisi ya kuhama mkobani?

Mara mbili Muhuri aliita huku akicheka. Mara ya tatu sauti yake ilikwenda mbali kuliko ukumbi wenyewe ulivyokuwa mrefu, harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya mabenchi, na kule mwisho, palipokuwa na ukuta mtupu, mtu akaitika kwa adabu, "Naam."

"Andika hakuna mtu!" alinong'ona fundi.

"Dada, ameitika. Nimesikia kwa masikio yangu." Mkono wa Muhuri ulikuwa tayari unaandika, naye analia.

Fundi alikimbia mchana kweupe, kiatu kimoja kikimvuka asigeuke kukiokota, akijilaani njia nzima kwa ulimi wake ulioomba kisichoombwa, akajipa moyo kwamba nyumba si kitu, nyumba waichukue, ilimradi amkute shangazi, mpaka akafika mlango wa nyuma na kuukuta wazi, sakafu imelowa.

"Shangazi, nitakubeba. Twende."

"Usivuke kizingiti, mwanangu." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Nimempa shikamoo, akaitikia. Nikamwomba aniache niondoke nawe."

"Akasemaje?"

Shangazi alitazama ukingo wa kitanda, pale godoro lilipokuwa likibonyea polepole.

"Anasema, chumba na kilichomo."