Kifungio cha Kushoto

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyamusi alipanda pikapu ya baba yake, Makori, kupeleka maziwa mjini Litein. Ilikuwa pikapu kuukuu yenye masharti mengi kuliko mzee wa ukoo. Kwenye barabara kavu ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ili ya mbele nayo yavute, mtu alishuka kwanza akazungusha kwa mkono kifungio kilichokuwa katikati ya kila gurudumu la mbele. Kazi hiyo ilikuwa ya Nyamusi, msichana wa miaka kumi na miwili.

"Gia ya magurudumu manne unaingiza kabla ya matope, si ukiwa ndani," Makori alimfundisha. "Usukani unyooke, mguu utoke kwa mafuta, ukanyage klachi, halafu unaisukuma pole pole. Ukiilazimisha italia. Na kifungio kimoja kikibaki wazi, umefanya kazi bure. Nguvu yote inapotelea upande huo."

Kila Jumamosi, hata wakati wa kiangazi, Makori alimtaka binti yake avifunge na kuvifungua ili visishike kutu. Cha kulia kilikuwa laini. Cha kushoto kilikuwa kigumu, kikamuumiza vidole. Basi Nyamusi akawa anakigusagusa tu, anapanda garini na kusema, "Tayari." Barabara ilikuwa kavu, gari likaenda bila shida, na hakuna aliyejua. Uongo usioadhibiwa hunoga, naye Nyamusi akauzoea.

Mwezi wa Aprili mvua ilirudi na mawe yake. Jumapili moja mchana, Vinny, mdogo wake Nyamusi wa miaka minne, alianza kupumua kwa taabu. Alikuwa amekohoa tangu Ijumaa. Sasa mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo ilikuwa imegeuka rangi. Mama yao, Mellen, alimfunga blanketi, akaingia naye mbele ya gari pamoja na Nyamusi, wamkimbize hospitalini. Jirani yao Bosire, kijana aliyeishi kwa kuchuma chai, aliruka nyuma bila kuitwa.

"Njia ni mbaya, Baba Nyamusi," alisema. "Mtahitaji mtu wa kusukuma."

Chini ya mteremko uliopita katikati ya mashamba ya chai, Makori alisimamisha gari. "Nyamusi, funga."

Nyamusi alishuka kwenye mvua. Cha kulia kilizunguka. Cha kushoto kilikataa katakata. Alijaribu mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Alijua kwamba akisema kimekwama, baba angeuliza kimekwama tangu lini, na hapo mambo yake yote yangefichuka. Aliogopa. Akarudi ndani akiwa amelowa chapachapa.

"Umefunga vyote viwili?"

"Vyote viwili, Baba."

Makori aliingiza gia kama alivyomfundisha, wakaanza kupanda. Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka mahali pamoja, yakirusha matope. Ya mbele hayakuvuta hata kidogo.

"Gia imekufa," Makori alisema, na sauti yake ikatetemeka. Nyamusi hakuwahi kumsikia baba yake akiogopa.

Bosire alishuka akaweka bega nyuma ya gari. Alisukuma, akateleza, akasukuma tena. Mellen alikuwa akiomba kwa sauti ya chini huku akimpulizia Vinny usoni. Nyamusi aliketi pale, ukweli ukiwa mdomoni, na bado akanyamaza. Mchuma janga hula na wa kwao. Gari lilirudi nyuma kwa ghafla, likageuka upande, na kumbana Bosire mguu kwenye ukingo wa barabara. Yowe lake lilisikika kwenye shamba zima.

"Baba," Nyamusi alisema akilia, "cha kushoto sikufunga. Kilinishinda."

 Makori alitia breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akachukua koleo chini ya kiti, akakibana nayo kifungio cha kushoto. Kifungio kilizunguka kwa kishindo kidogo. Yeye na Mellen walimchomoa Bosire, wakambeba hadi nyuma ya gari. Kisha Makori alinyoosha usukani, akatoa gia ya magurudumu manne na kuiingiza upya, taratibu. Magurudumu yote manne yaliuma udongo. Pikapu ikapanda mlima ule pole pole, bila kuteleza tena.

Hospitalini Vinny aliwekewa oksijeni. Muuguzi alisema homa ya mapafu ilikuwa imemshika vibaya, na kwamba kikohozi cha namna ile hakingojewi siku tatu. Kufikia Jumanne mtoto aliweza kunywa uji. Bosire naye alitiwa chuma mguuni, akaambiwa hatasimama shambani mpaka mwaka uishe.

Nyamusi alipoletwa kumwona, hakuweza kuinua uso. "Nisamehe, kaka Bosire."

Bosire alijigeuza kitandani, maumivu yakimkunja uso. "Nimekusamehe, lakini sikudanganyi, nina hasira," alisema. "Kile kifungio ni kigumu hata kwa mtu mzima. Ungesema pale chini kimekushinda, ningeshuka nikifunge mimi. Hakuna mtu angekuchapa kwa kushindwa. Mtu akishindwa, anasaidiwa. Akisema 'tayari' na si tayari, atasaidiwa na nani? Nani atajua?"

Nyamusi alilia kwa kwikwi. Mellen alimshika bega, akamgeuza amtazame.

"Machozi hayatamsaidia Bosire," alisema. "Ana mashina yake ya chai pale nyuma ya nyumba, na majani yakizeeka, kwenye kituo cha kununulia chai hawayachukui. Jumamosi utaamka mapema, utachuma mistari yote. Ukichoka utaniambia umechoka, nami nitakuja tuchume pamoja. Lakini usiniambie umemaliza kama hujamaliza."